Malindi si mbali, mbali ni Mtwapa

Tangu nihamie Malindi miaka minne iliyopita, hapapiti mwezi bila mtu wa Mombasa kunipigia simu. Kodi imemchosha, amesikia nyumba za huku zina nafasi na bei yake ina huruma, je, anaweza kulala Malindi na kufanya kazi Mombasa? Simjibu ndiyo wala la. Namuuliza kazini kwake wanamtaka siku ngapi kwa wiki. Akisema tano, namwambia atafute nyumba Kikambala, ambako ni karibu zaidi na Mombasa.

Mimi ni mkadiriaji wa gharama za ujenzi. Saiti wananiita kyuesi. Kazi yangu ni kuihesabu nyumba kabla haijasimama: mawe mangapi, mifuko mingapi ya saruji, fundi siku ngapi. Mama yangu alipobaki peke yake Shela, mtaa wa hapa Malindi, na ikawa lazima nirudi nyumbani, nilifanya nilichokizoea. Nilichukua daftari nikaikadiria safari kama ninavyokadiria jengo, kipande kwa kipande, kila kimoja na bei yake. Wiki sita nilipanda matatu na daftari mapajani. Makanga mmoja alidhani mimi ni mtu wa serikali. Kila nikipanda ananipa kiti cha mbele.

Kutoka Malindi hadi Mombasa kisiwani ni kama kilomita 120. Ukiiangalia ramani utadhani ni safari moja. Daftari liliniambia ni safari mbili, na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni Malindi hadi Mtwapa: Msabaha, Gede, Matsangoni, Tezo, unavuka daraja la Kilifi, Mnarani, Mavueni, mashamba ya mkonge ya Vipingo, Kikambala. Ni kilomita mia na ushei, na karibu kila siku huchukua muda uleule. Gari la abiria haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, matuta nayo yapo kila penye soko na shule, kwa hiyo dereva mzuri na dereva mwehu huachana kwa dakika kumi tu. Mimi nilikuwa napata saa moja na dakika 45.

Ya pili ni Mtwapa hadi kisiwani. Haifiki kilomita 20, na hiyo ndiyo inayokula watu.

Nikitoka Malindi saa kumi alfajiri, Mtwapa nafika saa kumi na mbili kasorobo, na saa kumi na mbili na robo nimeshashuka mjini nanunua mahamri. Nikitoka saa kumi na moja, Mtwapa nafika saa moja kasorobo, na mjini ni saa mbili kamili. Hebu rudi usome tena. Nimelala saa moja zaidi, nimefika saa moja na dakika 45 baadaye. Zile dakika 45 zote zimeliwa kati ya Mtwapa na daraja la Nyali, ndani ya gari lililozima injini, mbele yetu mkokoteni wa maji.

Sababu yake si siri kwa yeyote anayeijua kazi ya barabara. Mombasa ni kisiwa, na anayekuja kutoka kaskazini ana mlango mmoja: daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la zamani lililokuwa likielea. Mtu wa Bamburi, wa Kisauni, wa Kiembeni, wa Shanzu, wa Mtwapa, na mimi niliyetoka Malindi, sote tunapita tundu moja la sindano, na wengi wetu saa ileile. Ndiyo maana upanuzi wa barabara ya Mtwapa, ambao watu wameupokea kwa vigelegele, mimi naupokea kwa tahadhari. Bomba ukilipanua nyuma na mdomo ukauacha vilevile, maji hayatoki kwa wingi zaidi; yanasubiri karibu na mdomo tu. Upande wa Kilifi mambo yalifunguka kwa sababu kilichobadilishwa kilikuwa mdomo wenyewe. Kabla ya daraja la 1991 palikuwa na feri, na wazee wa hapa bado wanakusimulia foleni ya Mnarani kama watu waliopigana vita.

Tuje kwenye pesa, maana ndipo watu wanapojidanganya. Nauli naiandika shilingi 500 kwenda na 500 kurudi, nikijua sikukuu hupanda. Siku 22 za kazi kwa mwezi ni 22,000. Kwa gari la kibinafsi, lita moja kwa kilomita 12, ni lita 20 kwa siku, yaani lita 440 kwa mwezi. Bei ya petroli zidisha mwenyewe, mimi nilizidisha mara moja nikafunga daftari. Lakini bado hujaandika saa. Kwenda na kurudi, ukipata wastani wa saa tano kwa siku, siku 22 ni saa 110. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni karibu siku 14 za kazi ambazo hakuna anayekulipa. Kodi iliyopungua haizilipi hizo, hata ukipewa nyumba yenye mabafu matatu.

Mara mbili kwa wiki ni habari nyingine: takriban siku tisa kwa mwezi, shilingi 9,000 na saa 45. Hapo hesabu yangu ilikubali. Nilikwenda kwa bosi nikamwonyesha daftari, si barua. Michoro huwa naisoma nyumbani, saiti zenyewe nyingi ziko Kilifi na Watamu, ofisini ninahitajika Jumanne na Alhamisi. Akakubali, labda kwa kuwa alikuwa hajawahi kuona mtu anaomba ruhusa kwa jedwali. Mara tatu inawezekana ukiwa kijana. Tano, hapana, na anayekwambia anafanya hivyo muulize mkewe.

Ukishajua siku zako, ndipo uangalie nyumba, na hapa nakusihi uangalie maji kabla hujaangalia vyumba. Mimi mwenyewe, na kazi hii yangu, niliwahi kuchukua nyumba ambayo dalali aliniapia kisima chake ni maji baridi. Chai ya kwanza tu mama aliirudisha jikoni akauliza nani ametia chumvi. Karibu na ufuo visima vingi vimeingiliwa na bahari, na maji hayo hula mabomba, mabirika na vichwa vya bafu. Uliza kama nyumba imeungwa na maji ya mfereji, fungua bomba mwenyewe, uonje. Maji ya mfereji ya huku yanatoka Baricho, kwenye mto Sabaki, na sehemu ya maji hayohayo huendelea hadi Mombasa, kwa hiyo ukihama umesogea karibu na chanzo tu. Kisha tazama bati na nondo: penye upepo wa bahari kutu haingoji. Paa la makuti ni zuri na lina baridi yake, lakini uliza liliezekwa lini, na nani atalipa likianza kuvuja, wewe au mwenye nyumba. Kama unanunua badala ya kupanga, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kwanza. Pwani yetu bado ina nyumba zisizo na ardhi chini yake, yaani kuta ni zako na kiwanja ni cha mwingine.

Kuna wanaoniambia Malindi imekuwa mtaa wa pembeni wa Mombasa. Wasiniudhi. Mji huu ulimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 alipokuwa ametoka kukosana na Mombasa, na miaka ya 1590 sheikh wetu ndiye aliyehamia Mombasa kwenda kutawala. Kwa hiyo hii njia ina wenyewe, na mimi si wa kwanza. Mambo mengi uliyodhani utayafuata Mombasa yako hapa: Mahakama Kuu ipo, benki zipo, ndege ya Nairobi ipo. Hata treni, ukienda Nairobi, huna haja ya kuvuka daraja la Nyali. Unakata Mavueni, unapita Kaloleni hadi Mariakani na kuipandia huko.

Kwenye makadirio ya jengo huwa tunaweka fungu la dharura, asilimia 5 au 10, kwa yale usiyoyaona kwenye mchoro. Kwenye safari fungu langu la dharura ni Ramadhani. Asubuhi si tatizo: adhana ya alfajiri hutukuta Kilifi au mbele kidogo, mtu mmoja anasema, "Ami, dakika tano tu," na dereva anaegesha msikitini bila kinyongo. Jioni ndiyo kazi. Ukitoka ofisini saa kumi, magharibi itakukuta barabarani, mahali fulani baada ya Vipingo, gari limejaa, kila mtu kimya anatazama jua. Mwaka juzi nilisahau tende. Mama mmoja wa Takaungu, simjui hata jina, alifungua bakuli la kaimati akalipitisha kiti kwa kiti, na makanga akapunguza redio ili tuisikie adhana kutoka kwenye simu ya mtu. Sasa hivi tende zangu zinakaa kwenye mkoba wa kompyuta mwaka mzima, ubavuni mwa daftari.