Vifuniko vya soda havimchanganyi mtoto

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akianza kupima urefu kwa shubiri au vifuniko vya soda atazoea kukosea, hivyo heri apewe rula mapema. Hofu hiyo imekaa miaka mingi. Rula yenyewe haina ubaya, ila inaficha kazi: vipimo vimeshapangwa, mtoto anasoma namba tu. Weka penseli ianzie kwenye 2 na iishie kwenye 7, umuulize urefu wake. Wengi watasema 7, kumbe ni sentimita 5.

Akipanga vifuniko mwenyewe kandokando ya daftari, kosa linaonekana kwa macho: ameacha nafasi, au amechanganya vikubwa na vidogo. Hapo mwalimu ana la kusema. Shubiri nayo ina faida yake. Meza ileile ikiwa shubiri 6 kwa mama na 9 kwa mtoto, swali la kwa nini linakuja lenyewe, na sentimita inapata sababu ya kuwepo. Wala rula haihitaji kusubiri darasa lijalo, iwekwe kando ya vifuniko siku hiyohiyo.