Modeli ya kutabiri kurudia uhalifu ni nini?

Ni hesabu inayotumia kumbukumbu za wafungwa waliokwisha kutoka ili kukadiria uwezekano wa mfungwa anayeombewa parole (kuachiwa mapema kwa masharti) kukamatwa tena ndani ya muda fulani, mara nyingi miaka 2 au 3. Kinachopimwa ni kukamatwa au kuhukumiwa, si kosa lenyewe. Kwa hiyo mtaa unaopigwa doria kila usiku utaonekana na wahalifu wengi kuliko ule ambao polisi hawafiki.

Mwaka 1928 Ernest Burgess, mwanasosholojia wa Chicago, alipitia majalada ya watu 3,000 walioachiwa kwa parole Illinois, akapata vigezo 21. Kila kigezo kilichomwendea mfungwa vizuri kilimpa alama moja. Siku hizi kompyuta hukipa kila kigezo uzito wake, na vilivyo vizito kwa kawaida ni umri na idadi ya hukumu za nyuma.

Alama ikishatoka, mtu huamua mstari wa hatari upite wapi, yaani uwezekano ukifika kiasi gani mfungwa aandikiwe "hatari", na hapo ndipo wengi huteleza. Tuseme, kwa mfano tu, wafungwa 1,000 wanatoka na 200 kati yao watarudia. Modeli inawanasa 70 katika kila 100 ya hao, yaani 140. Lakini inawakosea pia 30 katika kila 100 ya wale 800 wasiorudia, yaani 240. Walioandikiwa "hatari" ni 380, na 240 kati yao wangeishi salama. Asilimia 63! Modeli haikuharibika, ndivyo hesabu inavyokwenda pale wanaorudia wanapokuwa wachache. Ukiusogeza mstari juu, utawaonea wachache, lakini watakaokuponyoka wataongezeka.

Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Bodi ikitaka kutumia fomu ya modeli iliyotungwa ughaibuni, ianze kwa kuuliza maswali yake yanasomekaje Kigoma. "Ana ajira?" Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi ataandikiwa hapana, ingawa kila giza la mwezi huwasha taa ziwani na ndiko inakotoka ada ya watoto. "Amehama mara ngapi mwaka huu?" Akitaja madago (kambi za wavuvi) aliyolala, anaongezewa alama za hatari kwa kufuata samaki. Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanamwonea.

Dawa yake ni kuijaribu fomu kwanza kwenye majalada ya hapa hapa: chukua waliotoka miaka ya nyuma, wape alama bila kuangalia yaliyowapata, kisha linganisha. Waliopewa uwezekano wa asilimia 30 wawe wamerudia takriban 30 katika kila 100. Wakiwa 10 tu, uzito ukokotolewe upya. Tena hata alama iliyo sahihi inasema habari za kundi: katika watu 100 wanaofanana na huyu, 30 walirudia. Yeye yumo katika 30 au katika 70, modeli haijui. Bodi imwite, imsikilize, na iulize nani atampokea nyumbani.