Mtoto wa pwani anajua kubana pumzi, kwa hivyo mtungi wa hewa wa kuzamia hautamsumbua? Hapo ndo tunapokosea

Shule yoyote ikitaja tu kutaka kuingiza mbizi kwenye vipindi vya michezo, hapa Mombasa utasikia jibu moja, ah hawa watoto wa pwani bana, wamezaliwa majini hawa, wewe wape maski na mapezi wataendelea wenyewe. Na naelewa linatoka wapi hilo, manake ukisimama pale nyuma ya Fort Jesus jioni maji yamejaa utawaona vijana wadogo wanaruka, wanapotea chini, halafu wanaibuka mbali huko wewe uliyesimama juu ushaanza kuingiwa na wasiwasi. Kipaji kipo, sikatai. Lakini nimesaidia kufundisha watoto bwawani na baharini miaka kadhaa sasa, na kinachonitia hofu zaidi ni hicho hicho kipaji.

Kuna mbizi za aina mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya pumzi yako mwenyewe, unavuta hewa juu, unabana, unashuka na maski na mapezi, unarudi. Nyingine ni ya mtungi wa hewa, unapumulia huko huko chini kupitia reguleta, kile kifaa cha mdomoni kinachokuletea hewa ya mtungi. Zote zinaitwa mbizi lakini sheria ya mapafu ni tofauti kabisa, na hapa ndo dhana ya kwanza inapoanguka.

"Anayejua kubana pumzi muda mrefu, mtungi kwake ni rahisi."

Sivyo. Kwa mtungi sheria ya kwanza kabisa ni USIBANE PUMZI, hata sekunde ya kujisahau. Sikiliza kwa nini. Kila ukishuka mita 10 baharini presha inaongezeka sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu, kwa hivyo mita 10 chini presha ni mara mbili ya juu. Kijana wa mbizi ya pumzi akishuka na lita 5 za hewa, huko chini zinajikunja nusu, akirudi zinafunguka zile zile 5, hakuna la kuzidi. Sasa mpe mtungi. Chini mita 10 anavuta lita 5 kamili za hewa iliyobanwa, akashtuka kidogo, akafanya kile alichozoea tangu utotoni, akabana na kukimbilia juu. Hiyo hewa inataka kuwa lita 10 na kifua hakina nafasi hiyo. Pafu linapasuka, viputo vinaingia kwenye damu, vinaweza kufika kwenye ubongo, na hayo yote yanatokea ndani ya dakika chache. Yaani ile tabia inayomfanya awe shujaa ufuoni ndo hiyo hiyo inayoweza kumuua akivaa mtungi. Mtoto wa bara asiyejua chochote wakati mwingine namfundisha upesi zaidi, manake huyu wa pwani lazima kwanza nimwondolee mazoea.

Na kuna mchezo nimeuona kwa macho yangu nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kijana hana mtungi, anashuka kwa pumzi yake mpaka kwa mwenzake aliye chini, anaomba reguleta ya akiba, anavuta mara mbili tatu, anaachilia na kupanda na hewa ile kifuani. Hilo kocha alikataze kabla hata ya watoto kulowa.

"Bwawani hakuna hatari, kina ni mita 3 tu."

Ukipanda, hewa ya kifuani inatanuka kwa kasi zaidi karibu na juu kuliko huko chini sana. Mita 3 pekee zinatosha kugeuza lita 5 kuwa karibu 6 na nusu. Pafu limeshawahi kupasuka kwenye maji yasiyofika hata mita 2. Kwa hivyo siku ya kwanza ya mtungi bwawani, sehemu ya kusimama wima, mwalimu yuko pale pale karibu, na somo ni moja tu: pumua polepole, usiache kupumua, reguleta ikitoka mdomoni toa viputo vidogo vidogo mpaka uirudishe.

"Kabla ya kuzama hema haraka haraka mara nyingi, unajaza oksijeni."

Hii ndo inaniuma zaidi. Mwaka juzi kwenye bwawa moja huku North Coast kulikuwa na mashindano ya watoto, nani atakaa chini muda mrefu, na aliyekuwa anawasimamia akawaambia wahemeni kwanza mara ishirini. Kijana mmoja akatulia chini kabisa. Watu wanapiga makofi, wanahesabu, eti anavunja rekodi. Alikuwa amezirai. Mama mmoja ndo aliyeuliza mbona hasogezi hata kidole, akatolewa, akapuliziwa pumzi, alhamdulillahi akazinduka. Hakupiga kelele, hakutapatapa, hakuna dalili yoyote ambayo mtu wa juu angeiona.

Kinachotokea ni hivi, mwili haukuamrishi kupumua kwa sababu oksijeni imepungua, unakuamrisha kwa sababu kaboni dayoksaidi imejaa. Ukihema sana unaitoa ile kaboni dayoksaidi, oksijeni unaongeza kidogo sana manake damu ilikuwa karibu imejaa tayari. Kwa hivyo umezima kengele, moto bado uko. Oksijeni inaisha na wewe unajiona sawa tu, halafu taa inazimika. Baharini ni vibaya zaidi wakati wa kupanda, presha ikishuka na oksijeni iliyobaki inakosa nguvu ya kuingia kwenye damu, ndo maana wengi wanazirai mita chache za mwisho au hata wakishatoa kichwa nje.

Basi kwenye kipindi cha shule, mashindano ya kubana pumzi HAKUNA, hata ya utani. Wawili wawili, mmoja chini mmoja juu anamtazama, na akiibuka aendelee kumtazama kama nusu dakika nzima. Mapumziko juu yawe angalau mara mbili ya muda aliokaa chini.

"Masikio yakiuma vumilia, yatazoea." Hayazoei, yanapasuka ngoma. Maumivu yanaanza hata mita moja na nusu, na dawa ni kubana pua na kupuliza taratibu mapema, kabla hayajauma, tena kila unaposhuka kidogo. Mtoto ana mafua siku hiyo hashuki, akae juu ahesabu wenzake. Na ile miwani ya kawaida ya kuogelea haifai kuzamia, haifuniki pua kwa hivyo huwezi kusawazisha presha, inafyonza macho mpaka yanavilia damu.

"Ule ni mtungi wa oksijeni." Si oksijeni, ni hewa hii hii tunayovuta, naitrojeni karibu asilimia 78 na oksijeni 21, imesafishwa na kubanwa. Oksijeni tupu inageuka sumu ukipita kama mita 6. Na wale wanaosema hewa ni hewa, tuunganishe mpira na kompresa ya kupaka rangi magari, jamani, ile inaleta mafuta na moshi wa injini, na ndani ya moshi ule mna gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu ya kukuonya na chini inakuathiri zaidi.

"Mwalimu wa PE akijua kuogelea anatosha." Nawaheshimu sana walimu wetu, wanajua watoto kuliko sisi, na kazi yao iko: kupima kuogelea, kupanga vikundi, kusoma fomu za afya za pumu na kifafa na moyo na kumpeleka mtoto kwa daktari kabla. Mtungi lakini ni wa mkufunzi mwenye cheti. Kwa PADI, lile shirika la kimataifa linalotoa vyeti vya mbizi, mtoto anaanza kozi ya cheti miaka 10, wa miaka 10 na 11 wasipite mita 12, na kundi lenye mtoto wa umri huo lisizidi watu wanne. Kabla ya cheti aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10. Wazazi wengine wananiuliza lini watoto watapelekwa kwenye meli ya MV Dania iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Ile iko karibu mita 30. Watoto wa shule wana mwamba mzuri tele ndani ya hifadhi ya bahari huko Nyali na Bamburi, tena wakati wa kaskazi maji yakiwa meupe. Kusi likishika sisi tunarudi bwawani. Na bamvua, yale maji makubwa, likianza kupwa hatukaribii mlango wa mwamba, ule mkondo unachukua hata mtu mzima.

La mwisho linawahusu shule za Nairobi zinazokuja likizo. Watu wanajua kidogo kwamba usipande ndege baada ya mbizi ya mtungi, lakini wanadhani treni ya SGR haina neno kwa sababu iko chini. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na naitrojeni iliyobaki mwilini haijali umefika kwa mabawa au kwa reli, presha ikipungua viputo vinaweza kutokea, viungo vikauma, miguu ikafa ganzi. Mbizi moja ngoja masaa 12, mbizi kadhaa ngoja masaa 18. Kwa hivyo mbizi ya mwisho iwe Jumamosi asubuhi, treni Jumapili alasiri, na Jumapili asubuhi wapelekeni Fort Jesus wakale viazi karai.