Je, wajua kwa nini mtoto kwenye picha za misaada huwa peke yake?

Zitazame picha zinazotumiwa ng'ambo kuchangisha pesa za watoto wa Afrika. Nyingi zina mtoto mmoja tu. Macho makubwa yanakukazia, shati limechanika begani, kamasi zimekauka juu ya mdomo, na nyuma yake kuna mabati yenye kutu. Mama haonekani. Nyanya haonekani. Hata dada yake aliyekuwa amembeba mgongoni muda mfupi uliopita haonekani.

Aliyekulia Nyalenda, Obunga au Manyatta hapa Kisumu hana budi kushangaa, kwa sababu katika mitaa hii kumpata mtoto mdogo akiwa peke yake si rahisi. Anacheza na wenzake, mama yuko mlangoni anachambua omena, jirani anafua hatua tatu kutoka hapo, na mwenye kioski anawajua wote kwa majina. Mgeni mwenye kamera akitokea, ndiyo kwanza watoto wanamiminika wakiita "odiero! odiero!", yaani mzungu. Kwa hiyo picha ya mtoto mpweke inatafutwa. Mpiga picha anapiga magoti, anasogea, anasubiri wengine wapishe, na waliobaki pembeni anawakata baadaye kwenye kompyuta.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu mtoto mmoja huleta pesa nyingi kuliko watoto wengi.

Hilo limepimwa. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani. Washiriki walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa wachangie pesa za kupambana na njaa barani Afrika. Kundi moja lilipewa takwimu: mamilioni ya watoto wenye njaa Malawi na nchi nyingine. Kundi la pili lilionyeshwa msichana mmoja wa miaka 7 wa Mali, aliyeitwa Rokia. Waliosoma takwimu walitoa wastani wa dola 1.14. Waliomwona Rokia walitoa 2.38. La kushangaza ni kundi la tatu, lililopewa Rokia pamoja na takwimu: walitoa 1.43. Kumweka mtoto yule ndani ya habari kamili za nchi yake kulipunguza mchango. Mwaka 2014 Slovic na wenzake wengine walionyesha kwamba huruma huanza kupungua hata mtoto mmoja anapoongezwa kuwa wawili.

Basi anayechangisha pesa ana sababu. Moyo wa binadamu humshika mtu mmoja haraka, na makundi huuchosha. Simlaumu mtoaji wa London au Oslo kwa kuguswa na uso wa mtoto. Hata mimi ungenigusa. Ninachokataa ni kinachofanywa ili uso ule upatikane. Anayeondolewa kwenye picha ni mzazi, na mzazi ndiye anayepaswa kuombwa ruhusa ya picha yenyewe.

Nimewahi kumwona mama mmoja Nyalenda akiomba asubiriwe kidogo, amwogeshe mtoto, ampake mafuta na kumvalisha nguo ya kanisa. Kwetu picha ni jambo la heshima. Wazazi wetu walipokwenda studio walichana nywele na kung'arisha viatu, na picha ile ikatundikwa sebuleni kwa miaka. "Wacha tu, mama, yuko sawa hivyo," mkalimani akamjibu kwa upole. Mama akanyamaza, akatabasamu, mtoto akapigwa picha akiwa na shati lililochanika. Ukimuuliza mgeni atakwambia kwamba mama alikubali. Lakini gunia la unga lilikuwa limeshashushwa uani, mzee wa mtaa alikuwa amekuja na wageni, na desturi yetu ni mgeni njoo mwenyeji apone. Nani angesema hapana mbele ya unga ule?

Picha maarufu kuliko zote za aina hii ilipigwa Machi 1993 huko Ayod, kusini mwa Sudan, na Kevin Carter wa Afrika Kusini. Mtoto aliyedhoofika ameinama chini, na nyuma yake tai ametua. Gazeti la New York Times liliichapisha, wasomaji wakauliza yule mtoto amepatwa na nini, na gazeti likalazimika kueleza kwamba halijui mwisho wake. Picha ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1994, na Carter akajiua Julai mwaka huohuo. Kwa miaka mingi dunia ilimwita mtoto yule msichana. Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la Hispania, El Mundo, walifika kijijini kwao na kuambiwa na baba yake kwamba alikuwa mvulana na kwamba alinusurika njaa ile. Tena mpiga picha mwenzake Carter alikuwa ameshaeleza kwamba siku ile wazazi walikuwa karibu, wakipokea chakula kilichoshushwa kutoka kwenye ndege. Mtoto yule alikuwa na watu wake. Hawakuingia kwenye picha.

Je, basi picha za mateso zisipigwe kabisa? Hapana, na historia haituruhusu kusema hivyo. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga filamu ya njaa kule Korem, Ethiopia. BBC ilipoirusha tarehe 23 misaada ikaanza kumiminika, na Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid. Filamu ile iliokoa maisha. Ukiitazama, uwanda mzima umejaa familia, akina mama, wazee. Nyuma yake zaidi, mwaka 1904, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja wa Kongo aitwaye Nsala, aliyefika misheni akiwa amebeba mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na askari wa kampuni ya utomvu wa mpira iliyokuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ni picha nzito kupita maelezo. Lakini baba yumo, jina lake limehifadhiwa, na ushahidi aliuleta mwenyewe. Picha za Harris zilizungushwa Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo.

Ulaya nako walijikosoa. Mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya huko yalipitisha kanuni za picha, yakitaka watu waonyeshwe kwa utu wao na mazingira yao yaelezwe vya kutosha, na picha za maafa za kuomba huruma tu ziepukwe. Kanuni nzuri. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na tangu simu za kamera zifike, anayepiga picha si shirika tu. Ni kijana aliyekuja kujitolea wiki mbili.

Kwetu Magharibi ya Kenya na Nyanza kuna jeraha lingine lisilozungumzwa vya kutosha: maelezo yaliyoandikwa chini ya picha. Miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu Siaya, Homa Bay na Kisumu, nyuso za watoto zilitangazwa na neno "yatima wa UKIMWI" chini yake, pengine na jina la kijiji. Neno hilo lilieleza kilichomuua mama, na likamwacha kila msomaji akikisia kuhusu damu ya mtoto. Watoto hao sasa ni watu wazima, wanatafuta kazi na wachumba, na intaneti haisahau. Ndiyo maana miongozo ya UNICEF inataka jina libadilishwe na uso ufichwe kwa mtoto anayetajwa kuwa ana virusi, au aliyedhulumiwa kingono.

Na sheria? Kenya inayo. Katiba ya 2010 inalinda faragha na utu wa kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwepo, matumizi yawe kwa maslahi ya mtoto. Picha ya uso ni taarifa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hao walikuwa watoto wa shule wenye sare safi. Mtoto wa Obunga analindwa na sheria ileile.

Mgeni akitaka kumpiga mwanao picha, muulize itatumika wapi na kwa muda gani, akuonyeshe alichopiga, na unga usubiri mpaka umejibu. Idhini uliyotoa unaweza kuiondoa wakati wowote. Na ukiikuta picha mahali ambapo hukukubali, piga picha ya skrini, andika jina la shirika na tarehe, upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hayalipiwi, na sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.