Kuvuja kwa mafuta: chini pakavu, lakini inavuja

Kuvuja, kwa mfumo wa mafuta wa injini ya dizeli, ni kitu kupita mahali kilipozuiwa kupita. Maana yake ndiyo hiyo tu. Kitu chenyewe kinaweza kuwa dizeli inayotoka nje, kinaweza kuwa hewa inayoingia ndani, na kinaweza kuwa dizeli inayohamia kwenye oili bila ya mtu kuiona. Huku kwetu Unguja na Pemba neno limebakia na maana moja: tone chini ya gari. Dereva akiinama asubuhi akaona saruji kavu, basi gari haivuji. Ikikataa kuwaka, "ina hewa tu, itoeni."

Hilo "tu" ndilo lililonikalisha chini niandike. Nimelisikia mara nyingi mno, na zaidi juu ya malori na tipa mpya ambazo hata nailoni ya viti haijatolewa.

Tuifuate njia ya mafuta. Dizeli hutoka tangini kwa kunyonywa. Kipande chote kilicho kati ya tangi na pampu ndogo ya injini, yaani bomba, mipira, chujio la maji na mara nyingi pampu ya mkono iliyo juu yake, kinafanya kazi kwa presha iliyo chini ya ile ya hewa ya nje. Pampu ndogo ikishayapokea mafuta huyasukuma kwa bar chache (bar ni kipimo cha presha) kupitia filta mpaka kwenye pampu kubwa, na pampu kubwa ndiyo inayoyapandisha hadi bar 1,600 au 2,000. Baadhi ya injini za leo hufika 2,500. Yanayozidi hurudi tangini kwa bomba la marejeo.

Sasa tundu ile ile, ukiitia kila kipande, haitokupa dalili moja. Kwenye upande wa kusukuma utaona tone, na huko macho yanatosha. Kwenye upande wa kunyonya hutaona kitu. Aliyewahi kunywa dafu kwa mrija uliotoboka anajua: maji hayamwagiki, unavuta upepo. Injini ikizimwa, hewa inayopenya hapo huyaachia mafuta yaliyomo bombani yarudi tangini, kwa kuwa tangi mara nyingi liko chini kuliko injini. Usiku kucha bomba linabaki tupu. Alfajiri dereva anapiga pampu ya mkono: mara za mwanzo kitufe kinazama bila ya kuzuiwa na chochote, halafu kinaanza kuwa kizito, mpaka kidole gumba hakiendi tena. Anawasha, inashika. Mchana kutwa gari inafanya kazi, pengine inakosa nguvu kidogo kwenye mpando, na kesho yake pampu ile ile.

Gari ambayo dereva wake anapiga pampu kila alfajiri inavuja, hata ukilala chini yake na shuka jeupe likabaki jeupe.

Kutoa hewa ni hatua ya mwisho ya kazi. Umebadilisha filta, umefungua bomba, hewa imeingia kwa sababu wewe mwenyewe uliifungulia mlango. Unaitoa mara moja na haitorudi. Ikirudi, mlango uko wazi mahali pengine na hujaufunga. Fundi anayetoa hewa kila wiki kwenye gari moja hajaitengeneza gari ile, ameisaidia kufika Ijumaa.

Mazoea haya yana asili yake, na inafaa kuijua kwa sababu si ujinga wa mtu. Pampu za sindano za safu, zile zenye kipande kimoja cha kusukuma kwa kila silinda, Bosch ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na mtindo huo ndio uliotawala malori kwa miongo mingi. Mafundi wetu wengi wamefunzwa juu ya injini hizo, na waliowafunza walifunzwa juu ya hizo hizo. Ndani yake hewa ilikuwa ni jambo la kawaida kabisa. Ulilegeza nati ya bomba la nozeli, ile inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda, msaidizi akazungusha injini, povu likatoka, dizeli safi ikafuata, ukakaza. Presha yake ilikuwa ya mamia ya bar, na ukiwa na tahadhari kazi ilikwenda.

Mwaka 1995 Denso walitia kwenye lori la Hino mfumo wa reli moja, ambao mafuta hukaa ndani ya reli yakiwa tayari na presha kubwa, na kila injekta, yaani nozeli ya mfumo huo, hufunguliwa kwa umeme. Miaka miwili baadaye mfumo huo ukaingia kwenye gari ndogo, na leo ni shida kupata lori jipya lisilo nao au kitu kinachofanana nao. Desturi ya kulegeza nati, hata hivyo, ilibaki vile vile. Kwenye reli moja desturi hiyo ni hatari, na sisemi hatari ya kuharibu injini peke yake. Dizeli inayotoka kwa bar 2,000 haidondoki. Hutoka kama ukungu, pengine usioonekana, na inapenya ngozi na glavu. Jeraha lake ni kitone kidogo ambacho mwanzo hakiumi. Ndani yake nyama inakufa. Likimpata mtu, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe Mnazi Mmoja au Abdulla Mzee, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya presha, maana ukisema "nimechomwa kidogo" utapewa plasta. Upande huo hautafutwi kwa kidole. Hupitishwa kipande cha kadibodi kwenye ncha ya fimbo, injini ikiwa inazunguka, kisha unatazama wapi kadibodi imelowa. Kabla ya kufungua chochote injini izimwe na usubiriwe muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu presha haitoki pamoja na ufunguo.

Nirudi kwenye upande wa kunyonya, kwani ndio unaosingiziwa sana. Njia ya haraka ya kuuamua ni kidumu. Kijaze dizeli safi, kiweke karibu na injini, unganisha mpira mpya moja kwa moja mpaka kwenye pampu ndogo, liache tangi na bomba zake pembeni, kisha toa hewa. Asubuhi ikiwaka bila ya kupigiwa pampu, kosa liko kati ya tangi na pale ulipounganisha. Ikiendelea kusumbua, umejiokolea kazi ya kuvua bomba zote. Baada ya hapo weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani na uhame nacho kiungo hadi kiungo kuelekea tangini. Mapovu machache mara tu baada ya kufungua ni halali yake. Mapovu yasiyokwisha ni hewa inayoingia nyuma ya hapo ulipo, upande wa tangini. Wapo wanaotia upepo wa kompresa tangini ili tundu ijionyeshe. Tangi halikuundwa kubeba upepo wa kompresa, na nawasihi waache.

Pemba kuna kisa ambacho watu wa Unguja hawakutani nacho sana. Bomba la kunyonya linaloshuka ndani ya tangi likiwa na ufa, au likiwa limefungwa vibaya kule juu, tangi lililojaa halionyeshi ubaya wowote kwa kuwa ufa umezama kwenye mafuta. Mafuta yakishuka chini ya ufa, hewa. Ukiongeza vilima vya njia ya Chake Chake kwenda Mkoani, ambako mafuta tangini huegemea nyuma kila unapopanda, utapata gari inayokohoa kwenye mpando na kutulia kwenye tambarare, na kila mtu atalaumu filta. Muulize dereva ilianza tangi likiwa na kiasi gani. Akisema "ikifika nusu", mko karibu.

Kuna na hoja nyengine: gari mpya haiwezi kuvuja, au ikivuja itakaa yenyewe ikishazoea barabara. Viwanda vingi hupima injini kwa kuizungusha na mota bila ya kuiwasha, na viungo hupimwa kwa upepo. Ni kipimo kizuri, lakini injini hiyo haijaonja joto la kazi wala mtikisiko. Mtikisiko wa kweli huupata mara ya kwanza ikiwa imebeba kifusi. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuziba, iliyobanwa vibaya siku ya kufungwa, unyuzi wa chuma uliobaki mahali nati inapokalia, bomba lililolazimishwa liingie likiwa limepinda, kibano kilichosahauliwa hata bomba likawa linatetemeka peke yake mpaka likapasuka: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachojiponya.

Wala kukaza si dawa ya kila kitu. Chukua washa ya shaba, yaani pete bapa ya kuziba, iliyotolewa kwenye boliti ya banjo inayovuja, uiangalie juani. Nzuri ina duara moja linalong'aa, limekamilika, pande zote mbili. Mbovu ina mkwaruzo uliolikata duara kutoka ndani kwenda nje, mwembamba hata ukucha hauuhisi, na hapo ndipo panapopita. Shaba ikishabanwa mara moja huwa ngumu, haikubali tena kujaza mkwaruzo. Unaongeza nguvu kwenye spana, washa haibadiliki, na boliti ya banjo, ambayo imetobolewa ndani ili mafuta yapite, inakatika mkononi. Kinachotakiwa ni washa mbili mpya, mahali pa kukalia pafutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na spana ya torki kwa kipimo cha kitabu. Bomba la presha nalo lina utaratibu wake: nati za ncha zote mbili zianzwe kwa vidole, bomba likae lenyewe bila ya kuvutwa, ndipo zikazwe. Ukimaliza ncha moja kwanza, ya pili utailazimisha, na umetengeneza ufa wa mwezi ujao.

Si kila unyevu ni kuvuja pia. Injini mpya mara nyingi husafiri ikiwa imepakwa oili au nta ya kuilinda na chumvi ya bahari, na joto likipanda hiyo huyeyuka na kuteremka. Osha, kausha, endesha, ndipo utazame. Anza kutafuta juu na mbele, kwa kuwa feni husukuma unyevu nyuma na uzito huushusha chini. Mahali panapodondoka si lazima pawe mahali panapovuja. Kwa tundu ndogo kuna rangi maalumu inayotiwa kwenye dizeli na kung'aa chini ya tochi ya mwanga wa zambarau.

Kuvuja kwa tatu, kule kwa ndani, hakuna tone wala hewa. Oringi ya injekta au kikalio chake kikiwa na kasoro, dizeli huteremka kwenye oili. Kiwango cha oili kwenye kijiti kinapanda badala ya kushuka, na oili inanuka dizeli na kuwa nyepesi. Wenye gari hufurahi kwamba injini "haili oili". Injini hiyo izimwe siku hiyo hiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi.

Gari ikiwa bado ina dhamana, maneno mnayoyaandika kwenye fomu ndiyo yatakayoamua kama sehemu itabadilishwa au mtarudishiwa gari imetolewa hewa. "Inavuja mafuta" haimwambii kitu mtu wa kiwanda aliyeko ng'ambo. Andikeni upande gani: kunyonya, kusukuma, presha kubwa, marejeo, au ndani kwenye oili. Andikeni injini ilikuwa ya baridi au ya moto, tangi lilikuwa na kiasi gani, na pampu ya mkono ilipigwa mara ngapi mpaka ikawaka. Na dereva akisema haivuji, ina hewa tu, aulizwe kwa upole hewa hiyo imepitia wapi.