Ombwe kwenye giaboksi ya otomatiki: kwa nini gia za gari la zamani zinagonga

Ombwe ni hali ya mahali hewa iliponyonywa ikapungua. Gereji nyingi husema vakyumu tu. Kwenye magari mengi ya otomatiki ya kabla ya kompyuta, ombwe ndilo lililoijulisha giaboksi kwamba injini imebeba mzigo kiasi gani. Mpira mwembamba hutoka kwenye injini hadi kwenye modyuleta, kikopo kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi, chenye kiwambo, yaani utando mwembamba, ndani yake. Ombwe likiwa kubwa, kiwambo huvutwa, presha ya oili hushuka, gia huingia mapema na kwa ulaini. Ukikanyaga mafuta ombwe hupungua, presha hupanda, klachi hushika kwa nguvu.

Injini ya petroli yenyewe hutengeneza ombwe kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoiingizia hewa. Dizeli nyingi za zamani hazina kipepeo cha kubana hewa ili ombwe lipatikane, kwa hiyo Mercedes-Benz 300D ya umbo la W123, magari yaliyoanza kutoka 1976, ina pampu ya ombwe. Pampu hiyohiyo huhudumia breki, na ndiyo inayowezesha injini kuzimwa. Basi ukizungusha ufunguo injini ikagoma kuzima, na gia nazo zinagonga, tafadhali usikubali giaboksi ishushwe siku hiyo. Kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kiungio cha mpira kilichokauka na kupasuka. Nasikitika sana ninapoona giaboksi nzima inafunguliwa kwa sababu ya kipande kidogo kama hicho.

Chomoa mpira kwenye modyuleta. Ukikuta oili ya giaboksi ndani yake, kiwambo kimetoboka. Kwenye gari la petroli injini huinyonya oili hiyo na kuiunguza, eksozi ikatoa moshi mweupe huku oili ikipungua bila tone kuonekana chini. Kama ni pakavu, funga pampu ya mkono yenye geji, vuta, utazame mshale. Mshale ukirudi, modyuleta imekufa. Ukitulia, fuata mpira kuelekea kwenye injini, kiungio kwa kiungio.

Modyuleta nyingine zina kirekebishi, na wapo wanaokizungusha ili gia zilainike tu. Hilo ni hatari: presha ikishuka mno klachi huteleza na kuungua. Ziba uvujaji kwanza, uendeshe gari, ndipo ukiguse, kidogo kidogo.