Mkanda wa jeshi: maswali ninayoulizwa kliniki Kisumu

Sista, si ni mdudu amenikojolea?

Aliyeniuliza hivyo ni mama muuza omena wa soko la Kibuye. Alipofunua blauzi, malengelenge yalikuwa yamejipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto, yamepakwa majivu. Upande wa kulia ngozi ilikuwa safi kabisa. Leso ikimgusa tu, anaruka. La mama, si mdudu, wala hakuna aliyekuroga. Ni mkanda wa jeshi, unaoletwa na virusi vilevile vya tetekuwanga uliyougua utotoni. Tetekuwanga huisha, virusi vikabaki vimelala kwenye mizizi ya neva karibu na uti wa mgongo, miaka na miaka. Kinga ikilegea, huamka na kufuata neva ile hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda hushika upande mmoja.

Mbona maumivu yalitangulia upele?

Kwa sababu neva ndiyo huanza kuugua. Unaweza kuchomwachomwa siku kadhaa ngozi ikiwa haina kitu.

Ni kweli mkanda ukizunguka kiuno ukakutana, mtu hufa?

Si kweli.

Nije hospitali lini?

Leo. Dawa za virusi kama asikloviri husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Yule mama alikuja siku ya sita, na bado inaniuma. Ngozi hupona kwa wiki mbili hadi nne, lakini maumivu ya neva yanaweza kubaki miezi, hata miaka, hasa kwa wazee. Upele ukitokea kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, usilale nao: unaweza kupoteza jicho.

Kwa nini niambiwe nipime VVU?

Si kwamba tunakushuku. Mkanda huwapata zaidi waliopita miaka 50, na wenye kinga dhaifu, kwa mfano wanaotibiwa saratani. Ukimpata kijana, lazima tuulize kinga imeshushwa na nini, na huku Nyanza VVU bado ni vingi. Kipimo ni bure katika vituo vya serikali. Wapo niliowaona wakianza ARV mapema kwa sababu ya mkanda huu.

Nitawaambukiza watoto?

Mkanda wenyewe, hapana. Ila asiyewahi kuugua tetekuwanga akigusa majimaji ya malengelenge anaweza kuipata. Funika kwa kitambaa safi, nawa mikono, na mpaka yote yakauke yafanye magaga, mtoto mchanga abebwe na mwingine. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga naye akae mbali.